Sverre Mjelde na Ukuta Uliomfundisha Kuhesabu

Marehemu Sverre Mjelde alizaliwa tarehe 9 Februari 1939, katika chumba cha juu cha nyumba yetu ndogo ya magogo, mtaa wa Lestesmuget, katikati ya jiji la Bergen. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi viatu Nils na mama Inga. Wa kwanza ni mimi, Borghild.

Alianza shule mwaka 1946 akiwa anajua kuhesabu, kwa sababu kila gogo la ukuta wetu lilikuwa na alama za shoka: moja, mbili, mpaka kumi na nne. Alipoambiwa aandike nne, alichora mistari minne.

"Wee Mjelde, hizi ni kuni?"

"Ni nne, mwalimu. Hata ukuta wetu unajua!"

Mwaka 1949 baba alizifunika alama hizo kwa mbao, kuzuia baridi.

Mwaka 1953 Sverre alikaa kwenye kiti cha baba, akashona viatu hapo miaka sitini na minane. Msichana aitwaye Ragnhild aliingia siku ya mvua, visigino vya viatu vyake vyote viwili vimevunjika.

"Kimoja tayari," Sverre akamwambia. "Cha pili uje kesho."

"Na leo nirukeruke kama kunguru?"

Sverre akavua viatu vyake mwenyewe, akamvalisha! Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1964.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, na mwaka huohuo ikaja kampuni kutaka kuibomoa nyumba ijenge hoteli. Mtu wao aligonga ukuta. "Mzee, hizi ni mbao za juzi tu. Hapa hakuna historia."

"Bwana, mimi nimesoma kwenye ukuta huu. Sogea, usije ukala vumbi."

Akang'oa ubao kwa patasi, huku anakohoa. Jamani, alama zote zilikuwepo! Mtaalamu wa makumbusho alieleza kwamba nyumba ilijengwa kwanza mashambani, magogo yakatiwa namba, ikafumuliwa, ikapangwa upya mjini. Miti ilikatwa mwaka 1768. Nyumba nyingine zote za mtaa ni wajukuu zake!

Barua ya jiji ilifika Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024: nyumba haibomolewi. Sverre alinitaka niisome mara tatu. "Dada, mwalimu angekuwa hai ningempelekea nakala."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi, katika chumba kilekile alimozaliwa.

Ameacha mjane Ragnhild, watoto Oddvar na Turid, wajukuu watatu, mimi dada yake, na nyumba iliyosimama. Tukitoka makaburini, kahawa iko pale. Ukuta uko wazi. Kila mmoja aguse gogo la nne.

Lala salama, mdogo wangu. Ulihesabu sawasawa.