Mwalimu Anastazi Mbonimpa, Aliyetaka Kugeuza Hewa Kuwa Mbolea

Mwalimu Anastazi Mbonimpa, tunayemzika leo hapa Kimuli, alizaliwa Nyaishozi tarehe 9 Juni 1936, mtoto wa pili wa mzee Sebahire na mama Mukashema.

Alisoma Nyaishozi, kisha Bukoba, akawa mwalimu wa kemia. Mwaka 1976 alipelekwa masomoni Ulaya. Alirudi mwaka 1978 na koti zito na wazo moja: kwamba metali kidogo, ikifungwa vizuri ndani ya molekuli, inaweza kuikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia ya kutengenezea mbolea, bila moto wala kiwanda. Metali yenyewe hailiwi; ikimaliza inaanza tena. Alitamani aione kwa macho yake hapa nyumbani, hata mara moja.

Alifunga ndoa na Mama Therese Nyirabageni tarehe 5 Januari 1963. Mama anasema alimchumbia kwa kumweleza jinsi sabuni inavyotoa mafuta, naye akakubali ili anyamaze.

Alipostaafu aliweka chupa zake za majaribio kwenye stoo ya kahawa. Mwaka 1993 karatasi yake nyekundu, ile inayogeuka bluu ikikutana na amonia, ikageuka. Furaha yake! Akaalika majirani waje Jumamosi. Mzee Ramadhani, muuza mbolea, akalalamika, "Mwalimu, sasa unataka mimi nile wapi?"

Kwetu mkwe hafui nepi anapopita baba mkwe. Mimi Kemigisha, mke wa mwanawe Placidius, nilifulia nyuma ya stoo ile, chini ya dirisha lake, naye kwa heshima hakupita huko. Ijumaa mbuzi akakata kamba. Baba akamfukuza hadi nyuma, akakuta karai la nepi za Xaveri, mwanangu. Akanusa. Akasimama.

"Kuna nini, Mwalimu?" Mama akauliza.

"Amonia, Therese. Tele, inaingia dirishani! Mjukuu wako ndiye kiwanda."

Angeweza kunyamaza. Jumamosi akawaambia wageni wote habari ya nepi. "Metali yangu haijafanya kitu, ndugu zangu. Leo kuleni tu." Tulicheka mpaka ndizi zikapoa.

Akahamia maabara ya shule, akaweka na chupa ya pili isiyo na metali, asijidanganye tena. Tarehe 16 Agosti 1995 karatasi ya chupa yenye metali ikawa bluu hafifu; ya pili ikabaki nyekundu. Akarudia, ikawa vilevile. "Haitoshi hata mche mmoja wa haragwe," alisema huku machozi ya furaha yakimtoka.

"Basi duka langu limepona," alisema mzee Ramadhani. "Hongera sana!"

Kisukari kilimsumbua tangu 1996. Jumapili iliyopita mwalimu Jovitha, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikuja kumwambia kwamba wanafunzi wameirudia kazi ile na karatasi imegeuka.

"Na isiyo na metali?"

"Nyekundu, Mwalimu."

"Vizuri," akasema, akaomba uji.

Alifariki nyumbani Jumanne asubuhi, tarehe 10 Machi 1998, Mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na wanafunzi wengi.

Baba yetu, Mungu akupe pumziko lenye amani. Ulichotamani kukiona, ulikiona.