Vitambaa Vitatu vya Banda la Kibarani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe mpaka lile benchi la mwisho kule mlangoni. Nafasi hii ya kushuhudia nimeiomba mara nyingi kisha nikaikimbia. Nivumilieni.

Wengi wenu mwanijua kwa banda langu la Kibarani, lile la mimea inayokula wadudu. Mimi ni mtu wa bara, kwetu Kitui. Niliolewa huku na Mgiriama, mume wangu akafariki, nikabaki na mama yake, Hawe Kache. Hawe ni bibi, na ndivyo watoto wote wa mtaa wamwitavyo. Kichwa chake chote ni mvi, na macho yameingia mtoto wa jicho. Haoni ila mwanga na kivuli. Nanyi mwajua, ndugu zangu, kikongwe mwenye mvi anavyodhaniwa mchawi huku kwetu. Mwajua neno la mtu mmoja linavyoweza kumwitia mapanga.

Nilianza na mmea mmoja, nilioachiwa na mwenye hoteli wa Malindi aliyekuwa akihama. Majani yake yana vikombe, na ndani ya vikombe mna maji. Nzi hufuata utamu ulio ukingoni, huteleza, harudi tena. Nikauzalisha, nikatafuta na ile yenye midomo inayofumba, na ile midogo yenye utomvu unaonasa mbu. Wageni wakaanza kuja kutazama, walimu wakaleta wanafunzi, mahoteli yakanunua vyungu vya kupamba baraza. Hicho ndicho chakula chetu mimi na Hawe. Lakini mimea hii ina deko! Maji ya bomba ya huku yana chumvi, yanaiua, kwa hiyo nakinga ya mvua kwenye mitungi na kuyafunika. Jua nalo likizidi, majani yanababuka. Basi nikaenda soko la Malindi kutafuta vitambaa vya kuweka kivuli, nikachukua vilivyokuwepo: chekundu, cheupe na cheusi. Nikavitundika mbele ya banda, nikaona vimependeza.

Mzaliwa wa huku aliyenisikia sasa hivi ameshashika kichwa. Mimi sikujua kitu, na hakuna aliyeniambia. Nilichoona ni watu kuvuka njia wakifika kwangu. Salamu zangu zilijibiwa kwa mbali. Mama mmoja alimfuta mwanawe mkono kwa leso kwa kuwa nilikuwa nimeushika. Hofu ikaniingia bila kujua naogopa nini, na hofu ya namna hiyo ni mbaya sana. Nilikemea kwa jina la Yesu kitu nisichokijua.

Mtoto mmoja tu aliendelea kuja, Sidi, binti wa jirani yangu. Alipenda kuvilisha vikombe nzi. Jumamosi moja alikuja asubuhi, akacheka na Hawe, akaenda zake. Adhuhuri nikamsikia mama yake akimwita mtaani. Ilipofika alasiri kila mtu alikuwa anajua kwamba Sidi ameonekana mara ya mwisho akiingia kwangu.

Nilifunua kila mtungi wa maji ya mvua nikatumbukiza mkono mpaka chini, nikipapasa. Mungu asiwape kazi ile.

Kisha wakaja. Walijaa langoni na mapanga, na mmoja alikuwa na dumu la petroli.

"Mtoto yuwapi?" mwanamume wa mbele akauliza. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Hawe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake chini ya vile vitambaa.

"Alikwenda zake asubuhi, mwanangu," Hawe akasema.

"Uambie mmea wako umtapike. Na nguo zenyewe za uganga hizi hapa, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Watuona wajinga?"

Hawe akanigeuzia uso. "Mwanangu, umetundika nguo za rangi gani juu yangu?"

Nikamwambia. Akanyoosha mkono hewani kana kwamba ataka kuzigusa.

"Hizo ni nguo za mganga," akasema polepole. "Nami nimekaa chini yake siku zote hizi, sioni."

Ndugu zangu, hapo sala yangu ikawa jina tu, Yesu, Yesu, na hata hilo halikutoka na sauti. Nilimkumbatia Hawe. Nilisikia petroli ikimwagwa kwenye makuti.

Ndipo Mama Sidi alipofika. Hakuwa na viatu, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Wakampisha wakidhani amekuja kuwasha moto, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Akatupita, akaenda kwenye mmea mkubwa kuliko yote. Mtu akampigia kelele asiuguse. Alitetemeka, nilimwona, aliuogopa mmea ule kama wao. Akakunja mkono wa gauni, akatia vidole kwenye kikombe mpaka vikafika chini. Akautoa mkono ukichuruzika, akafungua kiganja mbele yao.

"Nzi," akasema. "Nzi na sisimizi. Mwanangu hamo humu. Na nyinyi nyote mmesimama hapa, nani anamtafuta?"

Panga moja likashuka, kisha jingine. Wakatawanyika kutafuta kweli, na kabla ya magharibi simu ikaja kutoka Takaungu. Sidi alikuwa arusini na binamu zake, kila mmoja akidhani mwenzake ameaga nyumbani. Alikuwa anakula pilau.

Baadaye nilimuuliza Mama Sidi kwa nini hawakuniambia habari za vitambaa. Akasema, "Tulidhani wajua."

Bwana aliniokoa kwa mkono wa mwanamke aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kunichoma. Vitambaa niliviteremsha siku ile ile, sasa natumia wavu wa kijani. Lakini nisiwadanganye, hofu haijaondoka. Nikisikia miguu ya watu wengi njiani, natazama lango. Na baadhi yenu mlikuwapo. Sauti zenu nazijua, maana ndizo mnazoimba nazo hapa kila Jumapili. Sikuja kuwashtaki. Nimewasamehe, na hofu ikirudi kesho nitawasamehe upya.

Namshukuru Mungu kwa uhai wetu. Nawasihi mumtumaini, hata mkiwa mnatetemeka kama alivyotetemeka Mama Sidi. Leo nimekuja na Hawe. Ameketi kwenye benchi la mwisho kule mlangoni, peke yake, maana mliposogea mbele mlimwachia lote. Tangu siku ile, jirani aliyempa mkono ni Mama Sidi tu. Hakuona ni nani alikuwa langoni, wala hataki kuambiwa. Tukimaliza kuomba, piteni mumsalimie. Mkono ameshaunyoosha.