Nani Anagonga Mlango wa Kituo

Benchi letu liko mkabala na geti la hospitali, Haydom, pale mabasi yanaposhusha wagonjwa. Mimi wananiita Digrii, na si kwa heshima: nina shahada ya fizikia na huu ni mwaka wa nne sina kazi. Breki ni bodaboda, humalizia kahawa ya kila anayesahau kikombe. Baltazar ni mkulima kutoka kijiji cha Daudi; mkewe, Frida, amelazwa, na kila jioni humsimulia series moja ya anga za juu aliyowekewa na fundi kwenye simu yake. Ya zamani. Ilipotoka nilikuwa form two, na hakuna aliyeisikia huku. Wahandisi watatu wako kwenye kituo mwezini, wanasubiri zamu ya kuwapokea. Haiji. Jana Baltazar alifika mwisho: mlango unagongwa kutoka nje, mhandisi mkuu anashika komeo, basi, giza. Kesho asubuhi Frida anaingia theatre.

— Kaniambia nisimwache aingie bila kujua nani anagonga, Baltazar akasema. Digrii, season two iko wapi?

— Haipo, mzee wangu. Nimemaliza bundle natafuta. It was cancelled. Watazamaji walikuwa wachache, wakaikata.

— Wakawaacha watu mwezini?

— Mimi wameniacha hapa na cheti, unashangaa ya mwezini?

Breki akapuliza kahawa yake.

— Hiyo waliizima wakubwa. Ilikaribia kuonyesha kwamba huko kuna watu. Warefu, wamejifunga shuka, wanachunga.

— Wanachunga nini mwezini, Breki? Hakuna hata nyasi.

— Umewahi kwenda?

Baltazar hakucheka.

— Nikimwambia ni ile zamu mpya, imefika?

— Fake closure hiyo, mwisho wa kubandika. Frida atakujua kwa sauti tu.

— Basi mwambie wanaogonga ni wao wenyewe, Breki akasema. Walishatoka zamani. Waliobaki ndani ni vivuli vyao, hawajui.

— Ukamwambie hivyo mtu anayepasuliwa kesho? nikamuuliza Breki.

Breki akarudi kwenye kahawa yake.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyeshuka basi la kutoka Endasak, kikapu mapajani, anasubiri geti lifunguliwe kama Baltazar. Tulikuwa tumempa shikamoo yake, tukamsahau.

— Baba, akamwambia Baltazar, huyo mama mgonjwa, yeye anadhani anayegonga ni nani?

Baltazar akamtazama. Akanitazama mimi, kana kwamba jibu lingekuwa kwenye shahada.

— Sijamuuliza, akasema. Siku zote nasimulia mimi.

Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tumeshajaza mwezi mzima na ng'ombe na vivuli.

Geti likafunguliwa. Baltazar akainuka, akavuka barabara bila kuaga, akaacha kikombe chake nusu. Breki akakitazama mpaka kahawa ikapoa. Hakukigusa.