Nani Atangulie Mbele ya Jeneza la Igor

Mchungaji, viongozi wa mtaa, majirani, na nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, familia ya mzee Karekezi inawashukuru kwa kuja, na inawajulisha kwamba historia ya marehemu Igor inasomwa na dada yake mkubwa, Iribagiza, na inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyoandikia vitabu vyake vyote, ingawa baba yao mdogo, mzee Bahizi, angependa isomwe kwa Kinyarwanda, na iwe fupi.

Igor Karekezi alizaliwa tarehe 17 Aprili 1984 huko Nyakahanga, Karagwe, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Karekezi, aliyefariki mwaka 2010, na mama Mukantwari, aliyeketi hapa mbele. Alianza shule ya msingi hukohuko mwaka 1991, familia ikarudi Rwanda Julai 1995 na kukaa hapa Gisenyi, ambako wanafunzi wenzake walimcheka kwa Kinyarwanda chake cha kuokoteza, naye hakugombana na mtu, aliwabadilisha tu kuwa majitu na mafisi katika hadithi alizomsimulia dada yake wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Alikuwa sekondari mlima wa volkano ulipopasuka tarehe 17 Januari 2002 na watu wa Goma wakakimbilia huku, na ua wa mzee Karekezi ukajaa wageni, mmoja wao akiwa bibi Verediane, muuza mkaa, aliyeiona nyumba yake ikiteketea. Bibi huyo, akichambua maharage, aliwaambia watoto, "Moto ilikuwa inatembea polepole, inauliza njia kama mugeni," na wengine wote wakamwonea huruma, lakini Igor alimwomba arudie, na maisha yake yote alisema kwamba uandishi wake ulianzia kwenye sinia lile la maharage.

Alimaliza sekondari mwaka 2004, akasomea ualimu kuanzia 2005 hadi 2008, na Januari 2009 akaanza kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Busasamana, ambako volkano ziko karibu kiasi kwamba, kwa maneno yake, haikumlazimu kubuni mengi. Kitabu chake cha kwanza, Moto Unauliza Njia, kilitoka Agosti 2012, nacho kinasimulia habari za wanaume wawili, mvushaji na mhunzi, wanaopendana, wanaopewa kazi ya kuuongoza moto kutoka mlimani hadi ziwani bila kuunguza mji, kwa sharti moja, kwamba wasiachiane mikono, maana atakayetembea peke yake ataungua.

Waliokisoma wameanza kutazamana, kwa sababu katika kitabu walichosoma mhunzi ni msichana. Mchapishaji ndiye aliyetaka hivyo, akasema bila hilo hakichapwi, na Igor akakubali akiwa na miaka ishirini na minane na njaa ya kuliona jina lake kwenye jalada, kitabu kikasifiwa, kikasomwa hadi kanisani, na yeye hakuweka nakala hata moja nyumbani kwake, na alipoombwa kutia sahihi alitia huku ametazama pembeni. Cha pili, Wafalme wa Maji Moto, alikichapa mwenyewe Oktoba 2016, wafalme wakiwa wawili na kitanda kimoja, na kufikia Machi 2017 wazazi walikuwa wamelalamika na shule ilikuwa imemwondoa, mwalimu aliyefaulisha watoto wao miaka minane mfululizo. Akaajiriwa katika duka la fotokopi karibu na mpaka mdogo, ule wa wavukao Goma kwa miguu, akafanya kazi hapo hadi mwili ulipomshinda, na vitabu vyake vikavuka kwenda Goma ndani ya vikapu vya nyanya, na baadhi ya akina mama waliovibeba wamo humu ndani.

Sasa ndoa, sehemu ambayo ilizungumzwa sana katika kikao cha familia cha juzi. Kikao kiliamua isomwe hapa kwamba marehemu alikuwa na mchumba, Umuhoza, na kwamba harusi ilikuwa imepangwa mwakani, na ndiyo sababu mnamwona binti huyo ameketi mstari wa kwanza ameshika picha ya marehemu, ili aitangulize mbele ya jeneza, kama ilivyo kawaida ya ukoo huu kwa aliyefiwa na mwenzi. Umuhoza hana kosa lolote, alifanya kazi na Igor dukani, alimpenda kama kaka, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kumlindia heshima, akalia, akakubali. Iribagiza hakukubali, na maneno ya kikao hatayasoma, kwa sababu mdogo wake alishabadilishiwa mpenzi mara moja, ndani ya kitabu, akayala hayo machungu mpaka anakufa, na hawezi kubadilishiwa tena leo akiwa amelala ndani ya sanduku, hana mdomo wa kukataa.

Igor alimpenda mwanamume mwenzake. Anaitwa Tuyisenge, fundi wa injini za mitumbwi, mzaliwa wa Goma, na walikutana Juni 2013 kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba, ambako Igor alikuwa akienda kuloweka miguu na kusikiliza watu wakisimulia maumivu yao, maana humo ndimo alimotoa nusu ya wafalme wake. Walianza kuishi pamoja tarehe 6 Septemba 2014 huko Nyamyumba, na kila sura iliyoandikwa kuanzia hapo ilisomwa kwanza kwa sauti kwa Tuyisenge akiwa amefungua injini, na palipomchosha alisema tu, "Hapa inalala," na Igor akafuta. Mama alikuwa akiwatembelea na kurudi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wengine wa ukoo hawakufika hata siku moja. Watoto hawakujaliwa kupata.

Igor alianza kuugua figo Februari 2024, na alipolazwa mara ya mwisho, tarehe 19 Agosti 2025, ni Tuyisenge aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, akamwogesha, akamlisha, akamsomea kitabu cha tatu ambacho hakikukamilika. Siku mzee Bahizi alipofika hospitalini, aliwaeleza wauguzi kwamba yule ni mfanyakazi wa nyumbani, na Tuyisenge akainua beseni akaenda kulimwaga, na Igor akageukia ukutani. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, na Tuyisenge akazuiwa kuingia chumba cha maiti kwa sababu si ndugu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyemfungulia Tuyisenge mlango wa nyuma, inawashukuru wenzake wa duka la fotokopi, majirani wa Nyamyumba waliopika siku hizi zote bila kuuliza maswali, akina mama wa vikapu, na wanafunzi wake wa zamani wa Busasamana waliokuja bila kuwaaga wazazi wao, na inamshukuru pia mzee Bahizi kwa mahema na viti.

Leo alfajiri Iribagiza alimuuliza Tuyisenge kama anataka jina lake litajwe hapa au liachwe, kwa sababu Iribagiza atarudi kwake na yeye ndiye atakayebaki na maneno ya watu, naye akajibu, "Dada, we taja tu. Mi nimechoka kukaa nyuma." Kwa hiyo Tuyisenge, uliyesimama pale nyuma kwenye nguzo ya hema, mama Mukantwari anakuita, pita katikati ya watu hawa, Umuhoza atakukabidhi picha, utangulie mbele ya jeneza, na kaburini udongo wa kwanza ni wako, wewe ndiye mjane wake, na asiyetaka kukufuata abaki hapa na viti.

Igor, sisi ndugu zako amani hatukukupa. Ipate huko, upumzike.