Chemchemi Iliyofungwa kwa Ajili ya Bahari

Mgeni rasmi, mkuu wa mradi wa kupima maji ya ardhini, sisi wachota maji wa Mbebe tunakukaribisha. Pole kwa utelezi. Anayesoma ni mimi, Jonasi, mstaafu wa posta. Wenzangu wamenisihi nisitie chumvi. Nitajaribu.

HISTORIA

Kwenye chemchemi hii walichota bibi zetu. Mwaka juzi vijana wako walitufundisha kwamba masika ardhi hunywa mvua na kuishikilia, bahari ikapungua kidogo. Kiangazi huyaachia maji, yakashuka Mto Songwe, Ziwa Nyasa, hadi baharini, nayo ikapanda. Tuliamini upesi. Hapa mwezi wa tatu kilima hunenepa maji hata mlango wa jirani yetu Rabson hugoma kufungika, na mwaka mmoja mbuzi wake alipiga kwato chini, maji yakaruka mpaka Ihanda, wilaya jirani. Rabson anaguna, lakini mbuzi ni wake.

MAFANIKIO

Chombo mlichoweka chemchemini kilionyesha maji yakipungua kila asubuhi. Mtaalamu wenu akafurahi: "Mzee, ardhi inapumua!" Mama Gwantwa, mchotaji mwenzetu, akamwambia, "Mwanangu, pumzi gani? Hizo ni ndoo zetu." Tukacheka wote, naye akacheka. Kesho yake mkaizungushia chemchemi wavu wa waya na kufuli. Mafanikio mengine hatukuyaona.

CHANGAMOTO

Tunaambiwa tukichota tunaharibu vipimo. Basi tunateremka bondeni, kwenye maji yanayokanyagwa na ng'ombe. Tusekile, mjukuu wa Mama Gwantwa, ameugua homa ya matumbo mara mbili tangu wavu uwekwe. Tulipolalamika tukajibiwa tuvumilie, dunia inazihitaji takwimu. Bahari wengi wetu hatujawahi kuiona, na hatuna ugomvi nayo. Lakini yenyewe ikipanda unene wa kucha inajulikana. Mtoto aliyekonda hapa hakuna aliyekuja kumpima.

MAOMBI

Yalikuwa mengi, tumeyafuta. Limebaki moja: kufuli lifunguliwe leo, ukiwa hapa hapa. Ndoo zetu nazo ziandikwe kwenye vipimo vyenu. Mama Gwantwa atawahesabia bure.

Mungu akurudishe salama kwa wanao, na wasikose maji safi hata siku moja. Chai tuliyokuandalia ni ya maji ya bondeni, hatukuwa na mengine. Tumeyachemsha sana. Ukiogopa kuinywa hatutakulaumu, mgeni wetu. Ufunguo tumeambiwa unao wewe.

Ni sisi,
Wachota Maji wa Mbebe, Ileje