Damu ya Mama Elina Ilitangulia

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Elina Simbeye anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika maabara ya hospitali yetu hapa Tunduma. Mzaliwa huyu wa Ruanda, Mbozi, alianza na darubini moja iliyochoka, na leo anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha kuhesabu chembe za kinga za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Kitengo hicho kinategemea kingamwili, dawa za rangi zinazokuja katika vichupa vidogo. Hunasa kwenye protini zilizo juu ya chembe ya damu, mashine ikaiona na kuihesabu. Ni dawa za kudeka: joto huziua, na kuganda huziua vilevile. Ole wake aliyeweka soda kwenye jokofu lile! Diana wa mapokezi anajua yaliyoikuta ya kwake.

Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, Mama Elina alipima damu yake mwenyewe. Damu ya mtu mzima wa afya ikitoa hesabu mbaya, basi kazi isimame. Tulimtania kwamba mashine inamjua kuliko mumewe alivyowahi kumjua.

Masika ya juzijuzi alirudi kutoka likizo amekonda, anakohoa. Asubuhi hiyo hesabu yake ilikuwa chini mno. Akarudia. Ikawa ileile. Nje, benchi limejaa watu wa Chapwa na Iyula, na mganga mfawidhi, Daktari Sebastian, anataka majibu. Kwa upole alimwambia labda mgonjwa ni yeye, apumzike, wengine waendelee. Mama Elina akakataa. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, alisema, na jibu la maabara likishatoka halirudi.

Nikatoa mkono wangu. Hesabu yangu nayo ikawa chini! Ama dawa zimekufa, ama tumekwisha sote wawili.

Tulipofungua jokofu tukaona boksi la kingamwili limesukumwa nyuma kabisa, limegusa barafu. Mmoja wetu aliogopa umeme kukatika, akadhani baridi ikizidi ndiyo usalama. Simtaji, keki ya leo kainunua yeye. Lakini boksi lile halikuthibitisha kwamba Mama Elina ni mzima. Tukaomba dawa nyingine kutoka Mbozi. Gari likanasa kwenye foleni ya malori, ikabidi Fanueli wa bodaboda akakifuate kisanduku cha baridi. Hakuna aliyekunywa chai.

Damu yangu ilitoka salama. Yake ikafuata, na namba ikatokea. Nzuri kabisa. Mama Elina akakaa chini, akalia.

Ndipo alipotuambia. Mumewe alifariki kwa ugonjwa huu tunaoupimia watu, na tangu hapo, ingawa vipimo vilimwonyesha mzima, hakuna asubuhi aliyotoa damu yake bila kuogopa. Sisi tulidhani haogopi. Alinawa uso, akaita sampuli ya kwanza, na jioni kila aliyekuwa kwenye benchi aliondoka na jibu la kweli.

Asante, Mama Elina, kwa niaba ya wote waliopata majibu ya kweli bila kujua yalikugharimu nini. Nenda salama Ruanda. Tunakutakia asubuhi nyingi za kahawa, na usiogope hata moja.

Osward, Maabara