Kila Gurudumu na Uhuru Wake

Ndani ya basi, jamaa mmoja alikuwa amepakata springi ya gari kama mtoto mchanga. Upande wa dirishani mwanamke amefumba macho. Upande wa pili abiria mwingine, dereva wa lori. Bibi wa kiti cha nyuma akatega sikio.

"Gari gani, kaka?" dereva akauliza.

"Nililiunganisha mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya vipuri. Likatembea vizuri, nami nikajiona fundi! Nikang'oa ekseli ya nyuma inayofunga magurudumu mawili pamoja, ili kila gurudumu liruke shimo kivyake, mgongo wa mke wangu unaomuuma upumzike."

"Ehe?"

"Sasa moja limeinama, jingine limenuna. Gari liko juu ya matofali. Jioni mke wangu hukaa ndani akimenya viazi, ananiambia, 'Laini kweli, baba watoto, sijasikia hata shimo moja.'"

Dereva akacheka mpaka akakohoa. "Rudisha ekseli, ndugu yangu!"

"Sirudishi."

Basi likatumbukia shimoni. Bibi akaona springi ikibingirika sakafuni, maana jamaa alikuwa ameiacha ili awahi kuweka kiganja nyuma ya mgongo wa yule mwanamke wa dirishani.

"Laini kweli," akasema mwanamke, macho bado kayafumba.

"Rudisha ekseli," dereva akasisitiza, akiinama kuwaokotea springi. Basi likasimama mbele ya kliniki.